FUKUSI WA MAHARAGWE: ADUI AINGIAYE GHALANI NDANI YA PUNJE



Somo la mwezi huu ni habari za yule mdudu mdogo atoboaye maharagwe, kunde, mbaazi na ndengu zikiwa ghalani. Kila mkulima wa skimu amjua kwa macho, lakini si wengi wajuao maisha yake. Na mtu asiyejua maisha ya adui yake hupigana naye wakati usiofaa.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Mkulima avuna Rosecoco mwezi wa Julai. Aianika, aipura, aitia guniani, ashona mdomo wa gunia na kuliweka pembeni mwa nyumba. Maharagwe ni safi, hana wasiwasi. Mwezi wa Oktoba afungua gunia lile apate mbegu ya mvua za vuli, naye aona punje zina matundu ya mviringo kama zimetobolewa kwa msumari. Unga umejaa chini ya gunia, na vidudu vya rangi ya kijivu vyatambaa juu ya mikono yake. Hapo ndipo akimbiliapo dukani kununua dawa. Lakini amechelewa miezi mitatu.

Hasara yake ni tatu. Kwanza amepoteza mbegu, maana punje yenye tundu huenda isiote, na ikiota mche wake huwa dhaifu. Pili amepoteza chakula, kwa sababu maharagwe yaliyojaa uchafu wa wadudu huwa na harufu na ladha mbaya, na uzito wake hupungua. Tatu amepoteza fedha, kwani mnunuzi akiona matundu hushusha bei au hukataa kabisa.

Tena iko hasara ya nne ambayo watu hawaihesabu. Wakulima wengi huuza maharagwe yao yote wiki ile ile ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kwa sababu wanaogopa fukusi. Halafu wakati wa kupanda hununua mbegu sokoni kwa bei ya juu. Hivyo fukusi amewala hata kabla hajatoboa punje moja. Mkulima ajuaye kuhifadhi ndiye awezaye kuchagua siku yake ya kuuza. Hii ndiyo sababu ya somo hili.

HUYU MDUDU NI NANI?

Watu huita wadudu wote wa ghalani kwa jina moja, fukusi. Lakini fukusi wa mahindi na fukusi wa maharagwe ni wadudu mbalimbali. Ukimtazama vizuri fukusi wa mahindi utaona ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mkonga mdogo. Fukusi wa maharagwe hana mkonga. Ni mfupi, mnene, na mabawa yake hayafiki mwisho wa mwili, hata ncha ya nyuma huonekana iko wazi. Urefu wake ni kadiri ya milimita 2 hadi 5. Fukusi wa mahindi hazaliani katika maharagwe, na fukusi wa maharagwe hazaliani katika mahindi.

Tena fukusi wa maharagwe na jamii ya kunde wako wa namna mbili kwa jinsi wanavyotaga, na tofauti hii ni muhimu sana kwa mkulima.

Namna ya kwanza hutaga mayai ovyo ovyo kati ya punje, bila kuyagandamiza popote. Huyu ndiye asumbuaye zaidi maharagwe ya nyanda za juu zenye baridi, kama Nyandarua. Mayai yake ni madogo mno, nawe hutayaona juu ya punje.

Namna ya pili hugandamiza mayai yake juu ya ngozi ya punje. Hawa wako wengi zaidi sehemu za joto, kama Mwea, Hola na Bura, na wako wapendao maharagwe na wako wapendao kunde, ndengu na mbaazi. Chukua kunde chache uzitazame juani. Ukiona vitone vyeupe vilivyoshika juu ya ngozi, ambavyo havitoki ukivipangusa kwa kidole, basi hayo ni mayai.

Kumbuka tofauti hii, maana tutairudia tutakapotaja njia za kuwaua.

MAISHA YAKE YOTE NDANI YA PUNJE

Fukusi mkubwa unayemwona akitambaa si yeye alaye maharagwe yako. Yeye hahitaji kula kitu. Huishi kadiri ya wiki mbili tu, na kazi yake ni kupandana na kutaga. Mlaji ni mtoto wake.

Yai huanguliwa baada ya siku chache, mara nyingi kabla ya wiki moja kwisha kama kuna joto. Hutoka buu mdogo mweupe. Buu wa namna ya kwanza ana miguu, naye hutembea kati ya punje akitafuta mahali pa kutoboa. Akipata, hujikaza mgongo wake kwenye punje ya jirani ili apate nguvu, akachimba. Kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Buu wa namna ya pili hana haja ya kutembea. Yai lake limeshikamana na punje, naye hutoboa moja kwa moja chini ya yai na kuingia.

Akiisha kuingia, buu hula nyama ya punje akinenepa. Kwa nje huwezi kuona kitu isipokuwa kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Punje moja ya haragwe yaweza kulea mabuu wengi kwa pamoja, hata zaidi ya kumi. Anapokaribia kukomaa, buu hula mpaka karibu na ngozi, akaiacha ngozi peke yake kama kioo cha dirisha. Hapo ukitazama utaona alama ya mviringo yenye rangi ya kijivu. Nyuma ya dirisha hilo hugeuka pupa, kisha akawa fukusi kamili. Hulisukuma dirisha, akatoka. Tundu unaloliona mwezi wa Oktoba ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia.

Safari hii yote, tangu yai hata fukusi kamili, huchukua wiki nne au tano penye joto. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi.

HESABU NDOGO

Chukua kalamu ufanye hesabu pamoja nami. Hii ni hesabu ya darasani, lakini itakuonyesha jinsi wanavyoongezeka.

Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 na zaidi. Tuseme hutaga 40, na nusu yao hufa. Hubaki 20, nao nusu ni majike, yaani 10. Sasa tuseme gunia lako la kilo 90 liliingia ghalani likiwa na majike 10 tu.

Kizazi cha kwanza: majike 10 huzaa fukusi 200, na majike kati yao ni 100.

Kizazi cha pili: majike 100 huzaa fukusi 2,000.

Kizazi cha tatu: fukusi 20,000.

Kizazi cha nne: fukusi 200,000.

Gunia la kilo 90 la Rosecoco lina punje zinazokaribia 200,000. Maana yake ni kwamba kufika kizazi cha nne, wako fukusi wa kutosha kila punje kupata mmoja. Kwa wiki tano kila kizazi, hiyo ni miezi mitano hivi tangu kuvuna. Kwa muda wa miezi miwili na nusu ya kwanza, mkulima huona vidudu vichache tu akasema, “Si neno.” Halafu ghafula gunia zima limekwisha.

Basi tumejifunza nini? Kuua fukusi 10 siku za kwanza ni kazi moja na kuua 200,000 baadaye. Siku thelathini za kwanza baada ya kuvuna ndizo ziamuazo kama utakula maharagwe yako au utamwachia fukusi.

JE, FUKUSI HUINGIAJE GHALANI?

Wengi husema, “Gunia langu lilikuwa jipya na ghala langu safi. Fukusi wametoka wapi?” Jibu ni kwamba wametoka shambani. Maganda ya maharagwe yanapokauka, fukusi huruka kutoka maghala yenye masalio ya zamani wakaenda shambani. Wa namna ya kwanza hutaga katika nyufa za maganda makavu. Fukusi wa kunde hugandamiza mayai juu ya maganda yenyewe. Mabuu huingia ndani ya punje, na wewe mwenyewe huwabeba kichwani mpaka nyumbani. Kisha gunia moja likiwa na wadudu, huambukiza magunia ya jirani.

Usiamini kwa sababu nimeandika. Fanya jaribio hili, tena wafanye watoto wako waendao shule.

Siku ya kupura, chukua punje 100 safi zisizo na tundu hata moja. Zitie ndani ya chupa ya kioo iliyo safi na kavu. Funga mdomo kwa kitambaa chepesi na uzi, hewa iingie lakini mdudu asiweze kupita. Andika tarehe juu ya karatasi, uibandike kwenye chupa. Weka chupa mahali penye joto, labda karibu na jiko, lakini si juu ya moto. Itazame kila Jumapili. Ukiona fukusi wakitembea ndani ya chupa baada ya wiki nne, tano au zaidi, utajua kwa yakini kwamba hawakuingia ghalani. Walikuwamo ndani ya punje siku ulipozipura. Na magunia yako yaliyotoka shamba lile lile yana wadudu wale wale.

KAZI YA KWANZA: SHAMBANI

Usiyaache maharagwe shambani baada ya kukomaa. Maganda mengi yakiisha kugeuka rangi na kuanza kukauka, ng'oa. Kila siku unayoongeza ni siku ya fukusi kutaga. Wengine huyaacha kwa sababu wana shughuli ya palizi ya mahindi, nao hulipa gharama yake baadaye.

Kama waweza, panda maharagwe mbali na ghala. Tena usitupe maharagwe yaliyotobolewa kando ya shamba au kwenye shimo la taka lililo wazi, maana fukusi waliomo watatoka na kurudi shambani. Yamwagie maji yanayochemka au uyachome.

KAZI YA PILI: UWANJANI

Pura upesi baada ya kung'oa. Usiweke mafungu ya maharagwe na maganda yake kwa wiki nyingi ukingoja nafasi, maana humo fukusi hujificha na kutaga.

Kisha pepeta na uchekeche kwa chekeche ambayo punje haziwezi kupita. Kwa fukusi wa namna ya kwanza, kuchekecha ni dawa kubwa. Mayai yake hayakushika punje, kwa hiyo huanguka pamoja na vumbi, na fukusi wakubwa huanguka pia. Chenga zote zilizoanguka zimwagie maji ya moto. Kwa fukusi wa namna ya pili kuchekecha huondoa wakubwa tu, mayai hubaki. Chagua pia punje zote zilizovunjika au zenye alama ya dirisha, uziondoe.

Anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, zikiwa tabaka jembamba, ukizigeuza mara kwa mara. Jua kali hufukuza fukusi wakubwa.

Utajuaje kwamba yamekauka? Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje mpaka theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri juani, ufunge. Tikisa vizuri, kisha uache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, maharagwe yangali na maji mengi, rudisha juani. Isiposhika, maji yamepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Kwa kuhifadhi muda mrefu yafaa yawe sehemu 13 au chini yake, basi anika siku moja zaidi kwa usalama.

Lakini usidanganyike. Ukavu huzuia ukungu na kuoza, haumzuii fukusi. Yeye aweza kuishi vizuri katika punje kavu. Kukausha ni lazima, lakini peke yake hakutoshi.

KAZI YA TATU: GHALA NA MAGUNIA

Kabla ya mavuno mapya kuingia, toa kila punje ya zamani. Fagia kuta, sakafu na pembe zote. Ziba nyufa kwa udongo au saruji. Magunia ya zamani yachemshe au uyatie katika maji ya moto sana, kisha uyaanike juani mpaka yakauke, ndani na nje. Usichanganye kamwe maharagwe ya mwaka jana na ya mwaka huu. Weka magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili unyevu usipande na panya waonekane.

NJIA ZA KUHIFADHI

Hapa kuna njia sita. Hazihitajiki zote. Chagua ile ikufaayo kwa wingi wa mavuno yako, fedha zako, na namna ya fukusi uliye naye.

1. Gunia lisilopitisha hewa. Hili lina mifuko miwili ya plastiki mizito ndani ya gunia la nje. Magunia ya mifuko mitatu yalitokana na kazi iliyoanza nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa wakitafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima wadogo. Siri yake ni rahisi. Fukusi na mabuu huvuta hewa kama sisi. Ukiwafungia, huimaliza hewa iliyomo, wakaacha kula na kuzaa, wakafa. Hakuna sumu yo yote, na mbegu huendelea kuwa hai.

Kwanza kagua mifuko: ijaze hewa, uikamate mdomo, ubonyeze usikie kama inatoa pumzi. Tia maharagwe makavu katika mfuko wa ndani, ukiyatikisa yashikane. Kamua hewa yote iliyobaki juu, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba imara. Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa pili, kisha gunia la nje. Usifungue kwa mwezi mmoja na zaidi, maana kila ukifungua wawapa wadudu pumzi mpya. Mifuko isiyo na tundu yaweza kutumika tena msimu mwingine.

2. Jerikeni au pipa la plastiki. Hii yafaa sana kwa mbegu kidogo. Chombo kiwe safi na kikavu, kisicho na harufu ya mafuta ya taa au dawa. Jaza punje mpaka mdomoni kabisa, usiache nafasi ya hewa, ukaze kifuniko, uzibe kingo kwa nta ya mshumaa. Chombo kilichojaa nusu hakifai, maana hewa iliyobaki itawalisha wadudu muda mrefu.

3. Majivu. Wazee wetu walijua jambo hili. Majivu makavu, yaliyopoa na kuchekechwa, hujaza nafasi kati ya punje, hata fukusi hawezi kutembea, kupandana wala kutaga. Kosa la wengi ni kutia kidogo. Konzi moja katika debe haifanyi kitu. Ni lazima majivu yajaze nafasi zote, kisha yafunike juu kwa tabaka nene. Njia hii yafaa kwa kiasi kidogo ndani ya mtungi au debe.

4. Mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo moja, yaani vijiko viwili kwa gorogoro ya kilo mbili. Changanya kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huziba pumzi za mayai. Njia hii ni nzuri hasa kwa fukusi wa namna ya pili, yule agandamizaye mayai. Itumie kwa chakula. Mbegu ya kupanda ihifadhi kwa njia ya 1 au ya 2.

5. Kuviringisha gunia. Hii haina gharama hata senti moja. Unakumbuka kwamba buu wa namna ya kwanza huhitaji karibu siku nzima kutoboa, tena hujikaza kwenye punje ya jirani? Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani walionyesha kwamba punje zikigeuzwa kila siku, buu hupoteza mahali pake na tundu alilolianza, akaanza tena upya, na mwisho akafa kwa uchovu. Jaza gunia au chombo nusu tu, ili punje zipate nafasi ya kugeuka, ukiviringishe mzunguko mzima asubuhi na jioni. Fanya hivyo miezi miwili bila kukosa, au zaidi penye baridi, kwa sababu waliomo ndani ya punje wataendelea kutoka kwa wiki nyingi. Watoto waweza kufanya kazi hii kabla ya kwenda shule. Kwa fukusi agandamizaye mayai njia hii haisaidii, maana yeye hatembei.

6. Joto la jua chini ya plastiki. Kwa kunde na ndengu za sehemu zenye jua kali. Tandika nyasi kavu au mkeka, juu yake plastiki nyeusi, juu yake kunde tabaka jembamba, kisha funika kwa plastiki nyeupe ionyeshayo, ukibana kingo kwa mawe. Fanya saa za adhuhuri. Joto likifika digrii 57 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, fukusi wa kunde hufa, tangu yai hata mkubwa. Siku ya mawingu usijaribu. Ziache zipoe kabla ya kutia guniani.

NENO JUU YA DAWA ZA SUMU

Dawa ya unga yaweza kusaidia, lakini ina masharti yake. Nunua iliyo katika pakiti yake, yenye maandishi yanayotaja maharagwe au kunde, pamoja na herufi PCPB na nambari ya kuandikishwa. Usinunue unga uliopimwa katika karatasi sokoni. Pima kama ilivyoandikwa, ufunike pua na mikono, na ungoje siku zilizotajwa kabla ya kula. Kumbuka kwamba unga humkuta fukusi aliye nje ya punje. Buu aliye ndani haumgusi mpaka atoke. Kwa hiyo dawa itiwe mapema, si baada ya kuona matundu.

Mbegu iliyotiwa dawa ya kupandia isipikwe kamwe, hata kama imeoshwa.

Vidonge vitoavyo gesi ni hatari kuu. Gesi ile iuayo fukusi humwua na mtu. Wengi wetu huweka magunia katika nyumba tunamolala. Mkulima asitie kidonge guniani ndani ya nyumba ya watu, hata kama jirani amesema amefanya bila kudhurika. Kazi ile ni ya watu waliofundishwa, tena katika ghala lisilolalwa. Gunia la maharagwe hununuliwa sokoni, mtoto hanunuliwi.

KALENDA YA SIKU THELATHINI

Siku ya 1 hadi ya 7: ng'oa kwa wakati, anika na kupura. Wakati huo huo safisha ghala na chemsha magunia.

Siku ya 8 hadi ya 12: pepeta, chekecha, chagua. Pima kwa chumvi. Tazama kama kuna vitone vyeupe juu ya punje, ujue ni fukusi wa namna gani. Tia punje 100 katika chupa ya jaribio.

Siku ya 13 na ya 14: tenga mafungu matatu, yaani mbegu, chakula na ya kuuza. Funga kila fungu kwa njia uliyochagua. Mbegu ipate ulinzi ulio bora kuliko yote.

Siku ya 15 hadi ya 30: kama unaviringisha, viringisha kila siku. Kama umefunga gunia lisilopitisha hewa, usifungue. Kagua panya na matundu kwa nje.

Mwisho wa mwezi: tazama chupa yako, uendelee kuitazama kila wiki. Itakupa habari za magunia bila kuyafungua.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini fukusi wa maharagwe hupatikana hata katika gunia jipya?

2. Utatambuaje fukusi agandamizaye mayai?

3. Jirani yako wa Mwea aviringisha gunia la kunde kila siku lakini fukusi wazidi kuongezeka. Utamwambia nini?

4. Kama gunia lilianza na majike 5 badala ya 10, kizazi cha nne kitakuwa na fukusi wangapi? Je, kupunguza nusu kwatosha?

Soma maswali haya pamoja na watu wa nyumbani mwako, kwa kuwa mara nyingi mama ndiye mtunza ghala, na watoto ndio wenye macho ya kuona vidudu vidogo. Asiyeweza kusoma asomewe. Likikushinda jambo lo lote, chukua punje chache zilizotobolewa, uzifunge vizuri katika chupa, umpelekee afisa wa kilimo aliye karibu nawe, akutambulishe ni fukusi wa namna gani. Usizibebe wazi mfukoni, usije ukawaachia wadudu njiani katika mashamba ya wenzako.

Mavuno hayajawa yako siku unayoyatoa shambani. Yatakuwa yako siku utakapofungua gunia na kukuta punje ni zile zile ulizozitia.